Shamba la Kavata Lilipopotea kwa Mtandao

Siku ile mliponikatia keki ya kuniaga pale ofisini, mmoja wenu aliniuliza kama kazi yetu ya zamani ilikuwa na maana yoyote, kwa vile sasa mtu anaangalia shamba lake kwa simu akiwa amekaa chooni. Nilicheka, nikala keki yangu, nikaomba na kipande cha kubeba. Lakini swali nilienda nalo nyumbani, na kwa kuwa sasa sina faili ya kubeba, nimeona niwaandikie. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo msitafute nukta mahali pake. Mambo ya mshahara na cheo sitayagusa. Cheo changu kilikuwa kimoja tu, na mshahara hata kuku wangu walijua umeingia au haujaingia.

Niliingia ofisi ya ardhi kama mfagiaji. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu, vikubwa, na kila nikitembea vinapiga kofi sakafuni. Mtu wa stoo ya faili alikuwa Mzee Musau, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka la kuchoma nyanya. Aliniita ndani kwa kidole, akaniambia niache ufagio mlangoni kwa sababu ufagio unaamsha vumbi na vumbi likiamka linalala juu ya faili. Akanipa kitambaa chenye unyevu kidogo na mfuko wa majani ya mwarobaini. Majani yale tulikuwa tunayatandaza kwa rafu ili wadudu wale karatasi za ofisi zingine. Kazi ya kufagia niliifanya asubuhi, na saa zilizobaki zote nikawa wa Musau. Hakuna aliyeniandikia barua ya kubadilisha kazi. Ilitokea tu, kama mtu anavyojikuta ni mlezi wa watoto wa jirani.

Musau alinifundisha kubeba faili kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Alinifundisha kugonga ubao wa rafu na kusikiliza, maana mchwa akishaingia ndani ubao unatoa sauti ya kibuyu kitupu. Alinifundisha kwamba mtu anayekuja kuuliza shamba apewe kwanza mahali pa kukaa, kwa sababu hakuna anayetoka kwao mpaka ofisi ya ardhi kwa raha. Wengi wanakuja wamegombana na ndugu, na wengine huyo ndugu wamekuja naye, amekaa benchi ya pili anajifanya hawajui. Halafu unamwambia akutajie majirani, upande wa juu nani, upande wa mto nani. Mwenye shamba anawataja kama anayetaja watoto wake. Mwongo anaanza kukohoa.

Sentensi iliyotumika sana katika ofisi yetu ilikuwa hii: faili imepotea. Wakati mwingine ilikuwa kweli. Wakati mwingine faili ilikuwa imepotea ndani ya droo ya mtu, ikingoja kutafutwa na kitu kidogo. Pale getini kulikuwa na mabroka ambao kazi yao ilikuwa kutafuta faili ambazo hazikupotea. Mnajua ninaowasema, wengine mmekuta wakiuza njugu. Mtu alikuwa anatoka Kathonzweni na giza la alfajiri, anashinda kwa benchi, anaambiwa arudi kesho, na kesho mwenye ufunguo ameenda matanga. Nasema haya ili mtu asiwadanganye kwamba zamani ilikuwa nzuri. Ilikuwa na heshima kidogo na usumbufu mwingi.

Musau alistaafu, akaenda kufuga nyuki, na stoo ikabaki yangu. Miaka ikapita ya kufunga kamba na kufungua kamba. Halafu tukasikia kampuni inakuja.

Mkubwa wetu alituita akatueleza mpango. Serikali ina rekodi lakini haina pesa za mashine. Kampuni ina mashine lakini haina rekodi. Basi wameshikana mikono: kampuni inapiga picha faili zote, inazitia kwa kompyuta, inajenga tovuti, na kila mwananchi akitafuta rekodi yake analipa kidogo kwa simu, sehemu inaenda serikalini na sehemu kwa kampuni, mpaka miaka ya mkataba iishe na mitambo yote ibaki ya serikali. Mimi nilielewa vizuri. Ni kama mtu mwenye shamba na mwenye maksai. Lakini nje watu walisema mashamba ya Ukambani yameuzwa, na mchungaji wetu akaombea jambo hilo Jumapili mbili. Nilipomwambia mimi ndiye ninayewabebea faili, akaniombea na mimi.

Vijana wa kampuni walikuja na magari meupe na msimamizi wao, Akinyi, msichana mwembamba kutoka pande za ziwa, injinia wa kompyuta, anayekula mahindi ya kuchoma huku anaandika kwa mkono mmoja. Wengine walifikiri tutagombana naye. Hatukugombana. Siku ya kwanza aliniuliza faili zimepangwaje, nikamwonyesha, akaniuliza kwa nini hivyo, nikamwambia aliyezipanga yuko na nyuki. Akacheka. Tangu hapo akawa ananiita Mama, na mimi nikawa namchemshia chai bila maziwa, kitu ambacho sijawahi kukielewa.

Kazi yetu sisi wa stoo ilikuwa kutoa pini na kamba, kufuta vumbi, kunyoosha mikunjo kwa pasi isiyo moto sana, ndiyo, pasi ya nguo, na kupeleka kwa skana. Kutoka kwa skana, vijana wengine walikuwa wanasoma picha na kuandika kwa kompyuta: jina la mwenye shamba, nambari, mwanamume au mwanamke, ameoa au ameolewa na nani. Kijana alilipwa kulingana na faili alizomaliza. Kumbukeni hapo. Akiandika kitu ambacho mashine haikitaki, skrini inakuwa nyekundu na inakataa kuendelea mpaka arekebishe.

Ilipofunguliwa ile tovuti, hema zilisimamishwa, wakubwa wakasema maneno, na mzee mmoja wa Kathonzweni akaonyeshwa shamba lake kwa skrini kubwa. Aliangalia sana. Akauliza kama wanaloona hapo wanaliona hata Nairobi. Akaambiwa hata Ulaya. Akasema, basi ng'ombe wa jirani wasiingie tena, maana Ulaya wanaona. Mabroka wa getini walikaa wiki kadhaa wakitushangaa kupitia waya wa ua, halafu wakapungua mmoja mmoja. Mimi nilifurahi na sitaona haya kusema. Niliona watu wakiingia saiba ya sokoni, kile kibanda cha kompyuta za kulipia, na kutoka na karatasi ambayo zamani ingewagharimu mbuzi.

Halafu akaja Ndinda.

Ndinda alikuwa mama wa makamo kutoka milima ya Mbooni, mahali pa parachichi na baridi, ambapo boda boda zikipanda abiria anashuka kusukuma. Alikaa benchi akiwa ameshika mkoba kwa magoti. Nikamuuliza majirani, akawataja bila kuvuta pumzi. Shamba lilikuwa la Kavata, na Kavata alikuwa amekufa. Mutiso, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Kavata, mfanyabiashara wa simiti mjini, alikuwa ameenda kortini kusema shamba ni lake kwa kuwa Kavata hakuacha mtu. Ndinda, alisema Mutiso, ni mfanyakazi tu aliyekuwa akimlimia mama mzee. Hakimu alitaka karatasi ya tovuti ya serikali inayoonyesha shamba ni la nani na nyumba ile ina nani. Ndinda alikwenda saiba mara kadhaa. Kila mara tovuti ilisema hakuna rekodi.

Nilimuuliza yeye ni nani kwa Kavata. Akasema, "Ni mke wake."

Wenzangu wa Ukambani hapo hamjashtuka, lakini kwa wale waliotoka mbali nieleze. Kwetu mwanamke akifiwa na mume na hana mtoto wa kiume, nyumba haifi. Anaoa. Anatafuta msichana, anapeleka mbuzi na ng'ombe kwa wazazi wake, na msichana anakuja kuwa mke wa nyumba ile. Watoto atakaozaa ni wa nyumba ile, na wanaitwa kwa jina la marehemu. Mke huyo anaitwa iweto. Si siri na si aibu. Hata shangazi yangu alikuwa na wake, na alikuwa mkali kwao kuliko mwanamume yeyote niliyemwona, lakini hiyo ni habari nyingine na wanawe wako hai wanasoma.

Faili ya Kavata niliikumbuka ilivyopita mikononi mwangu. Nilikwenda kwa Akinyi, akafungua kompyuta. Shamba lilikuwepo. Lilikuwa limewekwa kando, kwa sanduku la rekodi zenye makosa ambazo wananchi hawaoni. Tukafuata nyuma mpaka tukajua. Kijana aliyeandika alisoma kwamba Kavata ana mke. Akaandika Kavata, mwanamke, mke wake Ndinda. Skrini ikawa nyekundu. Kijana alikuwa ametoka mbali, hajasikia iweto maisha yake yote, na nyuma yake faili ziko lundo. Akafikiri karani wa zamani alikosea. Akamrekebisha Kavata akawa mwanamume. Skrini ikakubali. Halafu mashine ikaenda kulinganisha na kitambulisho, haikumpata mwanamume huyo popote, ikasema huyu hayuko. Hivyo ndivyo mama mzee aliyelima Mbooni miaka yote alivyofanywa mwanamume kisha akafutwa.

Msajili, mkubwa wetu mpya, alisema jambo ni rahisi kama Ndinda ataandikwa kwa njia ambayo mashine inaijua. Mimi pia niliona hivyo, nawaambia ukweli. Mbele yangu kulikuwa na mama anayekaribia kunyang'anywa nyumba na kesi ilikuwa karibu. Nikamwambia, "Tukuandike mtoto wa Kavata. Mtoto anarithi, mashine inakubali, unaenda nyumbani."

Ndinda aliniangalia kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

"Mama, mimi nina baba yangu, kaburi lake liko Kathonzweni. Nikiwa mtoto wa Kavata, zile mbuzi zilipelekwa kwetu kufanya nini?"

Nikasema ni karatasi tu.

"Mutiso pia anasema ni karatasi tu. Nikiandikwa msichana wa hapo, watoto wangu ni wa nani? Ni watoto wa msichana aliyezalia kwao. Kesho Mutiso atawafukuza na atakuwa na haki." Akafunga mkoba. "Niliolewa. Mniandike nilivyo, ama mniache."

Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, amesikia yote. Msajili akasema mashine haikubali na yeye hawezi kugombana na mashine. Akinyi akamwambia kwa upole, "Mkubwa, mashine haijakataa kitu. Ni sisi tulioiambia ikatae."

Alipiga simu kwa wakubwa wake Nairobi, akatoka nje kuongea chini ya tangi la maji. Alirudi amenuna. Walikuwa wamemwambia mfumo haubadilishwi kwa sababu ya shamba moja. Akaniuliza, ni moja? Nikamwambia hata mtaa wangu si moja. Basi tukafungua lile sanduku la makosa, tukakaa nalo. Yeye anasoma, mimi namwambia hii ni kosa kweli, hii ni iweto, hii ni mtu na nduguye wamechanganywa. Zilikuwa nyingi, za Mbooni, za tambarare, za kila upande. Akampigia mwenzake aliyekuwa akifanya kazi hiyo hiyo Kitui, akamwambia aangalie sanduku lake, upande wa Kwa Vonza na kwingineko. Yule mwenzake alifungua lake, akauliza, "Kwani hizi si makosa?" Akinyi alicheka mpaka chai ikamwagika kwa kibodi. Kibodi ile ilikuwa ya serikali au ya kampuni, mkataba hausemi.

Akinyi akawatumia wakubwa wake hesabu ya masanduku yote mawili, na Nairobi wakakubali kuongeza kwa mfumo nafasi ya mwanamke mwenye mke. Lakini msajili, na hapa simlaumu, alisema yeye hatatia sahihi kwamba Ndinda ni mke wakati mtu mwingine yuko kortini anasema ni kibarua. Karatasi ya zamani imeandika mke, lakini Mutiso naye anaweza kusema karani alikosea. Alitaka kusikia watu. Kwa hivyo chifu aliita baraza, na tukapanda Mbooni, msajili, Akinyi na mimi, na gari la kampuni likalia njia nzima kama punda mwenye kinyongo.

Baraza lilikuwa kwa uwanja wa kanisa. Mutiso alikuja na koti na wakili. Nimpe haki yake, alizungumza vizuri. Alisema anamheshimu Ndinda, alimtunza mama mkubwa, na yuko tayari kumwachia nyumba ya jikoni aishi. Watu wengine walianza kutikisa vichwa kwamba huyu ni muungwana. Ndinda alikuwa amekaa chini na watoto wake wawili, wakubwa sasa.

Kwetu swali la ndoa ni moja. Ntheo ilikuweko? Ntheo ni mbuzi wa kufunga ndoa. Wanapelekwa kwa kina msichana, na mmoja anachinjwa wanakula pande zote mbili. Bila hiyo mnaweza kukaa mkazeeka, hamjaoana. Chifu akauliza nani aliyekula ntheo ya Ndinda. Wazee wawili walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwepo lakini hasikii, na alijibu habari za mvua. Mutiso akasema, unaona.

Ndipo mwanamke mmoja mzee sana akaanza kuinuka kutoka safu ya nyuma. Aliinuka kwa vipande, mkono kwanza, halafu goti. Mutiso akasema haraka, "Mwaitu, kaa, wewe ni mgonjwa." Hapo ndipo mimi mgeni nilipojua ni mama yake.

"Nitakaa nikimaliza," akasema. "Mbuzi tuliwapeleka mimi na Kavata. Kathonzweni. Jua lilikuwa kali na mmoja alikataa kutembea, tukambeba kwa zamu. Mimi nilibeba mbuzi na mtoto mgongoni."

Chifu akamuuliza kama ana hakika mbuzi alichinjwa.

"Kama alichinjwa?" Akamgeukia mwanawe. "Mutiso, mtoto mgongoni ulikuwa wewe. Ulilia figo mpaka baba ya huyu msichana akasema mpeni figo anyamaze. Ulikula figo ya ntheo yake. Sasa unataka kula na shamba?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Hata wakili aliinamisha uso kwa makaratasi. Mutiso alivuta koti lake kama limeanza kumbana. Mwishowe alikwenda akamshika mama yake mkono, akamsaidia kukaa. Msajili akatoa kalamu.

Kortini sikwenda, nilikuwa nakabidhi funguo za stoo. Niliambiwa hakimu alisoma karatasi, akamuuliza Mutiso kama bado ana la kusema, na Mutiso akajibu kwamba mama yake ameshasema. Ndinda analima pale mpaka sasa. Tovuti inafanya kazi, kampuni inapata sehemu yake, serikali sehemu yake, na nyinyi mna kazi. Mimi naona ni jambo zuri na sina wasiwasi nalo. Mkiona nyekundu kwa skrini, simameni kidogo, muulize mtu kabla ya kubonyeza. Hilo ndilo jibu langu kwa yule wa swali la keki.

Lakini nilikuwa na Ndinda siku alipoenda kuitoa ile karatasi ya kupeleka kortini, na hiyo nisiiache. Tulikwenda saiba ya soko la kwao. Mwenye saiba alikuwa mwanamume wa shati la maua, ameweka redio ya injili. Aliandika nambari, akalipisha kwa simu, akangoja. Ikafunguka. Alisoma kwa sauti: mwenye shamba Kavata, mwanamke, marehemu. Mke, Ndinda. Akasogeza uso kwa skrini.

"Mathe, hawa wa serikali wamekosea hapa," akasema. "Mwanamke ana mke? Ngoja niwapigie simu warekebishe kwanza."

Ndinda alikuwa ameshatoa miwani kwa mkoba. Aliinama juu ya bega la yule mwanamume, akaweka kidole chini ya jina lake, akalifuata pole pole mpaka mwisho.

"Chapisha hivyo hivyo," akasema.